Fundi wa Tovuti na Amana ya Mteja

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wengi wenu mnanijua kama yule kijana wa Masomo ya Kiislamu anayetengeneza tovuti. Kila muhula mpya hunijia wenzetu wawili watatu wakiuliza: nianzie wapi? Nijifunze nini? Nitoze kiasi gani? Maswali hayo yana majibu, na in shaa Allah nitayagusa humu. Lakini kuna swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza nilipoanza, nalo ndilo lililonigharimu: kazi hii ni mkataba gani katika sheria yetu, na ni kitu gani cha mteja kinachobaki mikononi mwangu kama amana?

Nitaanza na kosa langu, kwa sababu somo lenyewe limo humo.

Mkataba wa "tutaelewana"

Nilikuwa mwaka wa pili. Mzee mmoja wa Buyenzi anayeuza vitenge na vitambaa vya kanzu, ambaye mwanawe nilisoma naye madrasa, aliniita dukani kwake. Zamani alikuwa na kibanda katika soko kuu la Bujumbura. Soko lile lilipoungua asubuhi ya Jumapili, Januari 27, 2013, naye alikuwa miongoni mwa waliopoteza mali. Akahamia Buyenzi akaanza upya, na wateja wake wa Uvira walichukua muda mrefu kumpata tena. Ndiyo maana alitaka tovuti: mtu aliye ng'ambo ya mpaka avione vitambaa, aione namba ya simu, ajue duka liko wapi hata kama litahama tena.

Nilipouliza habari ya malipo alisema: "Mwanangu, wewe tengeneza tu, tutaelewana." Nami kwa haya nikajibu: "Haina shida, mzee." Huo ndio uliokuwa mkataba wetu wote.

Alinipa faranga 60,000 za kuanzia, na pesa nyingine kando za kununulia jina la tovuti, yaani yale maneno ambayo mtu huyaandika kwenye simu ili afike dukani kwako. Nilitaka jina linalouzwa nje, na hilo hulipiwa kwa kadi na kwa dola. Mimi sina kadi, kwa hiyo binamu yangu aliyeko Omani alilipa kwa kadi yake, nami nikamrudishia. Kwenye fomu ya usajili nikaandika jina langu na barua pepe yangu, kwa kuwa mzee hana barua pepe. Sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa njia fupi tu.

Kazi niliyodhani ni ya wiki tatu ilichukua miezi miwili na nusu. Kwanza mzee alitaka bei ya kila kitambaa. Kisha akataka picha za kila rangi, na mpigaji picha nikawa mimi. Kisha mwanawe akasema tovuti iwe na Kifaransa na Kirundi, si Kiswahili peke yake. Kila ombi nililijibu kwa "haina shida", na kila "haina shida" niliiandika moyoni kama deni. Siku nilipokabidhi kazi nikamwambia bei yangu ni faranga 300,000. Mzee alishtuka. Yeye aliamini kwamba zile 60,000 ndizo malipo, na kwamba mengine ni kijana kumsaidia mzazi wa rafiki yake.

Tulizungumza vibaya. Usiku huo, kwa hasira, niliingia kwa neno la siri ambalo ninalo mimi peke yangu, nikaifunga tovuti. Aliyeifungua alikuta ukurasa mweupe wenye maneno mawili: "Tovuti imefungwa." Siku ya pili mteja wa Uvira akampigia mzee kumuuliza kama amefunga duka. Ijumaa tulikutana mlangoni mwa msikiti. Aliniambia kwa sauti ya chini: "Soko liliungua, nikamshukuru Mungu. Hili umelichoma wewe."

Maswali ya ustadh

Nilikwenda kwa ustadh wetu wa fiqhi nikiwa na uhakika kwamba atanipa haki. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilimkumbusha hadithi inayoamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, iliyopokewa na Ibn Majah. Nikamkumbusha na ile hadithi qudsi ya Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama yumo anayemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, asimpe ujira wake.

Ustadh alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Uliuza nini?" Nikasema tovuti. "Ya kurasa ngapi? Kwa lugha ngapi? Kwa bei gani? Mpaka tarehe gani?" Sikuwa na jibu hata moja ambalo mzee naye angelikubali. Akasema: "Basi hukudhulumiwa ujira uliojulikana. Nyinyi wawili mmeingia katika kisichojulikana, na kila mmoja amejaza shimo kwa matamanio yake."

Hiyo ndiyo gharar: jambo la msingi katika mkataba kuachwa gizani. Tulipoisoma darasani tulipewa mifano ya samaki aliye majini na ndege aliye angani. Sikujua kwamba "tutaelewana" nayo ni samaki aliye majini.

Musa na mzee wa Madyan

Ustadh alinirudisha kwenye Surat al-Qasas, aya ya 26 hadi ya 28. Nabii Musa (amani iwe juu yake) alikuwa mkimbizi, hana kitu. Mmoja wa mabinti wa yule mzee wa Madyan akamshauri baba yake amwajiri, akitaja sifa mbili za mwajiriwa bora: mwenye nguvu na mwaminifu. Ndipo mzee akaeleza masharti: ujira ni kuozeshwa mmoja wa mabinti zake, na muda wa kazi ni miaka minane. Akitimiza kumi, hiyo miwili ni hisani kutoka kwake mwenyewe, wala mzee hataki kumtia katika mashaka. Musa akakubali, akasema kwamba muda wowote atakaoumaliza kati ya hiyo miwili asitiliwe dhuluma, na wakamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wa maneno yao.

Tazama, ndugu msomaji. Walikuwa watu wema wawili, na mmoja wao ni Mtume. Hawakuambizana "tutaelewana". Walitaja kazi, ujira na muda. Kubwa zaidi kwa sisi mafundi wa tovuti ni kwamba walitenganisha tangu mwanzo kilicho wajibu na kilicho hisani. Miaka minane ni mkataba, miwili ni ukarimu. Mimi nilichanganya. Lugha ya pili na ya tatu nilizifanya kwa uso wa ukarimu, kisha nikazidai kama mkataba.

Ni mkataba gani?

Fiqhi ina milango mitatu inayotuhusu, na fundi wa tovuti hupitia yote.

Wa kwanza ni istisnaa: kumwagiza fundi akutengenezee kitu ambacho bado hakipo, kwa sifa zilizotajwa, kama unavyomwagiza seremala kabati. Tovuti mpya inafanana sana na hili. Wanachuoni wa Hanafi ndio walioufanya mkataba huu usimame peke yake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, uagizaji wa namna hii huwekwa chini ya salam, na salam hutaka bei yote ilipwe pale pale. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikutana Jeddah likapitisha kwamba istisnaa ni mkataba unaozifunga pande zote mbili, kwa sharti kwamba aina, kiasi na sifa za kitu zielezwe na muda wa kukikabidhi uwekwe. Likaruhusu bei icheleweshwe yote au ilipwe kwa mafungu. Hapo ndipo penye nafuu yetu, maana mteja wa Buyenzi hatalipa yote kabla hajaona kitu.

Wa pili ni ijara: kukodiwa kwa kazi au kwa muda. Mteja akikulipa kila mwezi ubadilishe bei, uongeze picha na uangalie kama tovuti iko hewani, hiyo ni ijara. Usiichanganye na istisnaa. Kutengeneza ni mkataba mmoja na kutunza ni mkataba mwingine, kila kimoja na bei yake.

Wa tatu ni juaala: ahadi ya zawadi kwa atakayeleta matokeo, kama lile shehena la ngamia aliloahidiwa atakayeleta pishi la mfalme katika kisa cha Yusuf. Mtu akikwambia kwamba kwa kila mteja atakayepatikana kupitia tovuti atakupa kiasi fulani, umeingia mlango huu. Ujue basi kwamba matokeo yasipopatikana hupati kitu, hata kama ulikesha.

Karatasi moja

Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni la muda. Inatuagiza tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Tangu kesi yangu ile siwashi kompyuta kabla ya kuandika karatasi moja yenye mambo manane. Nakuwekea hapa uyachukue kama yalivyo:

1. Kurasa ngapi, na kila moja ina nini.
2. Lugha gani.
3. Nani analeta picha na maneno, na kufikia tarehe gani.
4. Muda wa kazi unahesabiwa tangu siku mteja alipoleta picha na maneno, si tangu siku tuliyozungumza.
5. Mabadiliko mangapi yamo ndani ya bei. Mimi huweka mara mbili. Ya tatu ina bei yake, au ni hisani, na nikiamua kuwa ni hisani naisema wazi kuwa ni hisani.
6. Bei yote, na mafungu ya kulipa.
7. Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, na ada ya kila mwaka analipa nani.
8. Baada ya kukabidhi, makosa ya fundi yanarekebishwa bure kwa siku ngapi.

Mteja asiyependa karatasi, mwandikie kwenye WhatsApp. Akikutumia sauti, msikilize, kisha mwandikie: "Mzee, nimeelewa hivi na hivi, ni sawa?" Usiendelee mpaka ajibu. Malipo yakija kwa Lumicash au EcoCash, ule ujumbe wa simu ni kumbukumbu, uhifadhi. Na mteja asiyesoma, mwite mwanawe au jirani awe shahidi, umsomee kwa sauti. Baadhi yetu tunaona haya tukidhani kwamba kuandika ni kutomwamini mtu. Aya yenyewe inajibu: imeambiwa watu wa imani, na imeeleza kwamba kuandika kunatuweka mbali zaidi na shaka.

Arbuni na malipo ya awali

Kiswahili chetu kina neno arbuni, na fiqhi nayo inalo. Katika fiqhi ni pesa anayoitoa mnunuzi mwanzoni: akiendelea inaingia kwenye bei, akighairi inabaki kwa muuzaji. Wanachuoni wengi, Shafii akiwa miongoni mwao, waliikataza. Wanachuoni wa Hanbali waliiruhusu. Mwaka 1993, katika kikao cha Brunei, Baraza lile lile la Fiqhi liliiruhusu kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwekewe mpaka.

Mimi nimechagua njia iliyo mbali na khitilafu. Napokea fungu la kwanza kama sehemu ya bei, kwa kawaida theluthi, na tunaandika kwamba mteja akisimamisha kazi tutaihesabu iliyokwisha kufanyika. Ikiwa imefika nusu, analipa nusu. Hakuna anayepoteza bure. Wewe ukichagua arbuni, basi mteja alijue jambo hilo kabla hajatoa pesa, si baada ya kughairi.

Kanzu na baiskeli

Sasa nirudi kwenye ule usiku. Nilimwambia ustadh: hata kama bei haikujulikana, kazi nimeifanya, kwa nini nisiizuie mpaka nilipwe? Nikaongeza hoja ya Hind, mke wa Abu Sufyan, ambaye Mtume (rehema na amani zimshukie) alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, pale mume alipokuwa hampi cha kutosha.

Alinijibu kwa mfano. "Umempelekea fundi cherehani kitambaa akushonee kanzu. Kanzu imekwisha, hujalipa. Wako wanachuoni waliompa fundi haki ya kuizuia kanzu mpaka alipwe, kwa sababu kazi yake imo ndani ya kanzu ile." Hukumu hiyo, akasema, imo katika Majalla, sheria za dola ya Uthmaniya zilizoandikwa kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi. Majalla inamtofautisha fundi ambaye kazi yake imekibadilisha kitu, kama mshonaji na mpaka rangi, na mchukuzi wa mizigo ambaye hakubadilisha kitu na kwa hiyo hana haki ya kuuzuia mzigo. "Lakini je," akaendelea, "fundi akichukua na baiskeli uliyoiegesha mlangoni pake?"

Nikasema hapana, baiskeli haihusiani na kanzu.

"Jina la tovuti lilinunuliwa kwa pesa za nani?"

Za mzee.

"Basi hiyo ni baiskeli. Wateja wake wanafika kwake kwa hiyo. Tena hukuizuia kanzu ukanyamaza. Ulibandika tangazo mlangoni kwake kwamba duka limefungwa, na duka halikufungwa. Hind alichukua kiasi cha haki yake. Wewe umechukua njia yake nzima ya riziki kwa deni ambalo hata kiasi chake hakijulikani."

Hapo nilinyamaza, ndugu zangu. Surat an-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha turudishe amana kwa wenyewe. Na katika sira tunasoma kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) usiku wa Hijra, hali watu wa Makka wamepanga kumuua, alimwacha Ali nyuma ili azirudishe amana zao. Uadui wao haukuzifanya amana zile kuwa zake. Mimi deni la mzee lilinifanya nijione mwenye duka.

Kwa hiyo, fundi wa tovuti, jua vizuri kilicho kanzu na kilicho baiskeli. Ukurasa ulioujenga na hujalipwa, una hoja ya kutoukabidhi, na ni bora zaidi jambo hilo liandikwe mapema ili mteja alijue. Lakini jina la tovuti lililonunuliwa kwa pesa yake, picha alizokupa, barua pepe ya duka, namba za wateja wake na maneno ya siri ya akaunti zake, hizo ni amana. Jina lisajiliwe kwa jina lake mwenyewe. Hana barua pepe? Mfungulie mbele yake, neno la siri liandikwe kwenye karatasi akae nalo yeye au mwanawe. Ni kazi ya dakika kumi. Anayetambuliwa kuwa mwenye jina la tovuti ni yule aliyeandikwa kwenye usajili, na siku ukisafiri, ukifa au ukikasirika, mteja hatakuwa na pa kushika.

Tulivyosuluhisha

Usiku ule ule niliifungua tovuti. Kesho yake nilikwenda dukani pamoja na ustadh na mwana wa mzee. Niliomba radhi kwanza, kabla ya habari ya pesa, nikamkabidhi mzee jina lake la tovuti. Kisha ustadh akaeleza kwamba ujira usipotajwa, na kazi ikawa imefanyika, fundi anastahili ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa mtu wa kazi kama hiyo mahali kama hapo. Tukawauliza mafundi wawili wa mjini, kila mmoja peke yake, bila kuwaambia ni kesi ya nani. Makisio yao yalitupeleka kwenye faranga 180,000. Tukatoa 60,000 zilizotangulia. Mzee alilipa 120,000 kwa mafungu mawili.

Pesa zililipwa, lakini si kila kitu kilirudi. Mwaka uliofuata mzee alitaka kuongeza ukurasa wa vitambaa vya harusi, akampa kazi kijana mwingine. Tunasalimiana vizuri. Hajaniita tena dukani.

Nguvu: nini cha kujifunza

Nimezungumza sana juu ya uaminifu, lakini binti wa Madyan alitaja sifa mbili, na nguvu ndiyo aliyoitanguliza. Mwaminifu asiyejua kazi naye hula pesa za watu.

Alhamdulillah, elimu ya kazi hii iko wazi. Tim Berners-Lee aliiweka tovuti ya kwanza hewani mwaka 1991 akiwa CERN, kituo cha utafiti kilicho Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu teknolojia hiyo bure, bila kudai ada. Jifunze kwa utaratibu huu: HTML ambayo hujenga mifupa ya ukurasa, CSS ambayo huuvalisha, kisha JavaScript ambayo huufanya utende kitu. Baadaye jifunze WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003, itakayomwezesha mteja abadilishe maneno mwenyewe bila kukuita. Usiruke hatua. Anayeanza na WordPress bila HTML hukwama siku ya kwanza kitu kinapoharibika, na mteja yuko mbele yake.

Pima kazi yako kwa simu ya bei nafuu, si kwa kompyuta ya chuo. Mteja wa mteja wako ananunua mega kwa siku. Picha moja iliyotoka kwenye simu mara nyingi inazidi megabaiti 3. Ukiweka picha ishirini hivyo hivyo, umemla megabaiti 60 kwa kutazama vitambaa tu. Ukizipunguza kila moja ifike kilobaiti 200, na kwenye kioo cha simu jicho halitaona tofauti kubwa, zote ishirini zitakuwa megabaiti 4. Hiyo ni mali ya mtu umeihifadhi. Na umeme unapokatika, kazi yako iwe imehifadhiwa mahali pawili.

Usichukue picha wala muundo wa mtu bila ruhusa. Mwaka 1988, katika kikao cha Kuwait, Baraza la Fiqhi liliamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni mali inayolindwa na sheria, na haijuzu kuishambulia. Na ukiletewa kazi ya tovuti ya kamari au ya pombe, ikatae hata kama mfuko ni mtupu, maana tumekatazwa kusaidiana katika dhambi.

Nionyeshe soko

Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina bila kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Alianza na samli na jibini kavu, akarudi na faida.

Soko letu liko karibu. Anza na tovuti tatu za mfano: ya jumuiya yetu, ya madrasa ya mtaani kwenu, na ya duka la shangazi. Hizo uzifanye kwa hisani na uziite hisani. Kisha tembea na simu yako kwa miguu: Buyenzi, Bwiza, Quartier Asiatique. Mwonyeshe mwenye duka kazi yako kwenye simu kama yake. Usimwambie habari za teknolojia. Mwulize: mteja wako wa Uvira au wa Gitega akitaka kujua bei leo, anafanya nini? Mengine atakueleza mwenyewe.

Na akikwambia "mwanangu, tengeneza tu, tutaelewana", mjibu kwa adabu: "Mzee, tuelewane sasa, ili baadaye tusalimiane vizuri." Kisha toa karatasi.

Maswali ya darsa

1. Mteja amelipa theluthi ya bei, kisha hapokei simu kwa miezi mitatu. Fundi ana haki gani juu ya kurasa alizozijenga, na ana wajibu gani juu ya jina la tovuti?
2. Fundi amesema "hii ni hisani", kisha mteja akalizoea jambo hilo na kulidai kila mwezi. Mwongozo wa kisa cha Madyan ni upi hapa?
3. Je, nani kati yetu ana neno la siri, ufunguo au simu ya mtu mwingine kwa sasa? Kitu hicho kitarudi lini?

Wallahu aalam.